Kilimo hai: Denmark, Brazil, Sikkim, Sri Lanka, Uganda. Na sisi wa Dodoma, mnunuzi wetu wa kwanza awe nani?

Mwana Hombolo

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 hadi 2030 uzinduliwe hapa hapa Dodoma Novemba 2023, karibu kila semina ya wakulima ninayohudhuria inafikia mahali pamoja: limeni hai, yaani bila mbolea wala viuatilifu vya viwandani, Ulaya wananunua kwa bei nzuri. Nimefuatilia kwa muda jinsi nchi nyingine zilivyoendesha jambo hili, na kila ninavyozidi kusoma naona sisi tunaanzia mwisho. Mahali kilimo hai kilipoota mizizi, mtu wa kwanza kutafutwa alikuwa mnunuzi wa karibu na nyumbani. Mnunuzi wa ng'ambo alikuja baadaye, au alikuja akamkuta mkulima tayari amesimama. Niweke hoja zangu hapa, mnikosoe.

Denmark ndiyo nchi ninayoirudia mara kwa mara. Sheria yao ya kilimo hai ni ya mwaka 1987. Mwaka 1989 serikali ikatoa alama yake, herufi Ø nyekundu, na ukaguzi ukawa kazi ya serikali yenyewe. Mama anayenunua maziwa dukani hahitaji kujua ni kampuni gani ya ukaguzi imepita shambani, anaona alama anaiamini. Mwaka 1993 ushirika mkubwa wa maduka ukashusha bei ya bidhaa hai kwa makusudi, na mauzo yakaruka.

Lakini kilichonigusa zaidi ni jiji lao kuu. Copenhagen waliamua kwamba majiko ya umma, yaani vituo vya watoto, nyumba za wazee, shule na mengineyo, yapike chakula hai kwa asilimia 90. Wamefika karibu kabisa na lengo hilo, na bajeti ya chakula haikuongezwa. Walichofanya ni kuwafundisha wapishi upya. Nyama ikapunguzwa, mboga za msimu na jamii ya kunde zikaongezwa, mabaki yakaacha kutupwa, vyakula vilivyokuwa vinanunuliwa vimeshaandaliwa vikaanza kupikwa palepale jikoni. Fedha iliyookolewa huko ndiyo iliyolipia tofauti ya bei. Mkulima wa pembeni mwa jiji akawa na mteja anayekula kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Brazil wana njia inayofanana na hiyo, ila wao wameiandika kwenye sheria. Sheria ya mwaka 2009 ya chakula cha shuleni ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha inayotolewa na serikali kuu kwa ajili ya chakula hicho inunue mazao ya wakulima wa familia. Mazao yakiwa hai, shule inaruhusiwa kulipa hadi asilimia 30 zaidi. Na kuhusu cheti cha kuthibitisha kwamba zao ni hai, sheria yao ya mwaka 2003 ilitambua mfumo ambao wakulima na walaji wanakaguana wenyewe kwa wenyewe. Mtandao wa Ecovida, kule kusini mwa nchi, ulikuwa unafanya hivyo tangu 1998. Mkulima wa jembe la mkono halazimiki kumlipia mkaguzi nauli ya ndege.

Sasa nenda Sri Lanka. Aprili 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alitangaza kusitisha uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani, nchi nzima, kwa mpigo mmoja. Hazina ilikuwa inaishiwa fedha za kigeni, kwa hiyo ilikuwa pia njia ya kubana dola. Mboji ya kutosheleza mashamba yote ya mpunga na chai haikuwepo, na hata meli iliyoleta mbolea ya asili kutoka China ilikataliwa baada ya vipimo kuonyesha bakteria hatari. Mavuno ya mpunga yakaanguka, nchi iliyokuwa inajilisha ikaagiza mchele. Novemba mwaka huohuo amri ikaondolewa. Julai 2022 rais akaikimbia nchi. Uchumi wote ulikuwa umeporomoka, mbolea haikuwa sababu pekee, lakini wakulima walikuwa wa mwanzo kuingia barabarani.

Jimbo la Sikkim, India, lilifika huko Sri Lanka ilikotaka kufika, ila kwa miaka 13. Uamuzi ulipitishwa mwaka 2003 chini ya Pawan Chamling, ruzuku ya mbolea ya viwandani ikapunguzwa kidogo kidogo kila mwaka, wakulima wakafundishwa kutengeneza mboji, na Januari 2016 jimbo likatangazwa kuwa hai lote. Ni jimbo dogo la milimani, na tangu mwanzo mbolea iliyokuwa inatumika huko ilikuwa kidogo. Na bado soko liliwasumbua. Mwaka 2018 walipozuia baadhi ya mboga zisizo hai kuingia kutoka nje ya jimbo, bei sokoni zilipanda hadi wananchi wakalalamika.

Majirani zetu Uganda wao walianza na nje. Pamba hai ya Lango ilianza mwaka 1994, kisha ukaja mradi uliofadhiliwa na Sweden kuanzia 1997 hadi 2008, ambao ulifika na kwetu na Zambia. Leo Uganda ni kati ya nchi zenye wakulima hai wengi zaidi duniani. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini sera ya taifa ya kilimo hai ilikuja baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuuza nje, na kwa muda wote huo cheti mara nyingi kilikuwa mali ya kampuni inayonunua. Kampuni ikiondoka, mkulima anabaki na shamba safi ambalo hakuna karatasi inayolitambua.

Na sisi? Pamba hai ya Meatu ipo tangu miaka ya tisini. Alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 2007 pamoja na kiwango cha pamoja cha nchi zote za jumuiya, na kiwango hicho hakimlazimishi mtu kuuza nje. Sasa hapa Dodoma tuna Mji wa Serikali wa Mtumba wenye wizara zote, tuna UDOM, hospitali, shule za bweni, vyuo, magereza. Majiko yote hayo yanawasha moto kila siku. Ni lipi kati yao linanunua mtama au mbaazi ya mkulima wa Bahi likijua ililimwaje? Naamini hapo ndipo pa kuanzia. Naomba kuwasilisha.

Mkulima wa Mvumi

Mkuu nimekusoma hadi mwisho. Mimi ni wa zabibu. Shambani kwangu inaingia samadi ya zizini na salfa, basi. Salfa naipiga alfajiri wakati upepo umetulia. Naitia kwenye kitambaa chepesi, naikung'uta juu ya vichala hadi vionekane vimepata. Jua likishakuwa kali inaunguza majani, kwa hiyo saa tatu niwe nimeshamaliza. Ukiruka mzunguko mmoja, ubwiri unga unapanda juu ya punje kama vumbi la unga, punje zinapasuka zikiwa bado mbichi, na hapo hakuna dawa.

Swali langu: hivyo ninavyolima ni hai au si hai? Maana kwenye mavuno napewa bei ileile ya aliyepiga kila aina ya dawa. Na gari la mnunuzi likichelewa, zabibu zinaozea juu ya vichanja, iwe ya samadi iwe ya nini.

Mwana Hombolo

Ndugu yangu, salfa inaruhusiwa kwenye kilimo hai, hata kwa kanuni za Umoja wa Ulaya. Samadi nayo haina shida. Nikuulize jambo moja ambalo mkaguzi yeyote ataanza nalo: mashimo ya kupandia uliyatia dawa ya mchwa? Wengi wetu huku tunaiweka wakati wa kupanda halafu tunaisahau. Kama uliiweka, kuna kipindi cha mpito. Kwa Ulaya mazao ya kudumu kama mizabibu yanahesabiwa miaka 3 tangu mara ya mwisho kutumia kisichoruhusiwa, na ya msimu miaka 2. Na jirani akipiga dawa upepo ukielekea kwako, lazima uwe na ua au nafasi ya kutosha katikati.

Kuhusu bei, maumivu yako ndiyo yaliyonifanya niandike. Ulilima vizuri, ila hakuna aliyeulizwa anunue kwa sababu hiyo.

Afisa Shamba

Nashukuru kwa uzi, ila nataka niongee kama mtu wa ugani niliyezunguka Kongwa, Chamwino na Bahi. Ninaogopa sana neno hai linapogeuka kuwa amri. Kongwa wazee bado wanaujua mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta na mipango iliyoandikwa London, na kufikia 1951 umekwisha. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi na mvua haikufuata ratiba yao. Ardhi hii haipokei maagizo.

Mtama wetu unapata mvua kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzuri, nayo yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Naitrojeni iko chini, na ukiona kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kimejaa shambani ujue udongo umechoka. Samadi inayopendekezwa ni tani 5 hadi 10 kwa hekta. Mwenye zizi kubwa anayo, tena imelundikana miaka na miaka hadi uzio unazama. Asiye na ng'ombe ataitoa wapi, na nani ataisomba? Wakati huohuo mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23, inamfikia kila aliyejisajili. Samadi haina ruzuku, haina msombaji, haina hata kipimo cha kuuzia kinachoeleweka.

Ninachokiona kinafanya kazi huku ni kisiki hai. Mkulima anaacha visiki vya miti vilivyomo shambani vichipue, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anafunga kitambaa kama alama ya kuwaambia wachungaji wasilishe hapo. Ongeza mbaazi katikati ya mtama, na makinga maji ya kushika mvua pale inapoangukia. Baada ya misimu kadhaa kiduha kinapungua. Mimi naunga mkono hiyo, uiite hai au usiite. Kupiga marufuku mbolea, hapana.

Mwana Hombolo

Mkuu Afisa Shamba, tuko pamoja na nakushukuru kwa hoja ya samadi, mimi sikuigusa na nilipaswa. Hakuna anayetaka Sri Lanka hapa. Sikkim walifanya kile unachokidai: fedha ya ruzuku ilitolewa taratibu upande mmoja ikapelekwa kwenye mboji, mafunzo na mbegu. Austria nao ni mfano mzuri. Robo ya ardhi yao ya kilimo sasa ni hai, na sababu moja ni kwamba wafugaji wa milimani walikuwa tayari wanalisha majani bila mbolea nyingi. Serikali tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini ikawalipa kwa hekta ili waendelee na wajisajili. Haikuwaambia wabadilike kwanza, iliwalipa kwa kile walichokuwa wanakifanya vizuri. Dodoma tuna watu wa namna hiyo wengi kuliko tunavyohesabu.

Lori moja la samadi kutoka zizi la Chilonwa hadi shamba la mtu asiye na ng'ombe lingepaswa kuhesabiwa kama pembejeo sawa na mfuko wa urea. Hilo napenda kuliona likijadiliwa bungeni, pale pale mjini.

Dada Mzabuni

Kaka Mwana Hombolo, wazo la majiko ni zuri na limenigusa maana ndiyo kazi yangu, nasambaza vyakula kwenye shule za bweni. Ila nikueleze yanayotokea jikoni.

Shule inataka mzigo wote siku moja, umekauka, umepepetwa, una uzito uliosemwa. Zabuni siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na kikundi cha kina mama wa Ibihwa ambao hawana kompyuta hata mmoja hawaingii humo peke yao. Wakiingia, sheria ya ununuzi ipo upande wao, kuna asilimia 30 iliyotengwa kwa vikundi maalumu vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Namba inafanana kabisa na ile ya Brazil uliyoitaja. Sisi tunayo tayari kwenye vitabu, ila wengi wanaoitumia huku wanauza karatasi za ofisini na kufanya usafi. Chakula kinabaki kwa wafanyabiashara wakubwa.

La pili ni malipo. Mkulima akivuna anataka fedha wiki hiyo, ana ada na deni la dukani. Taasisi inalipa baada ya miezi, nimeshasubiri hadi nikakopa kulipa waliokuwa wananidai mahindi. Bila mtu katikati mwenye mtaji, mkulima atamuuzia mfanyabiashara wa soko la Kibaigwa anayekuja na fedha mkononi, na siwezi kumlaumu.

La tatu, wapishi. Ugali wa mtama ukiupika kama wa sembe unatoka mbaya na wanafunzi wanauacha. Ukimpata mpishi aliyekulia huku, maji yakachemka vizuri, unga ukasagwa laini, na pembeni kuna mlenda wenye karanga, sahani zinarudi tupu. Nimeliona hilo. Kwa hiyo walichofanya Copenhagen kuwafundisha wapishi mimi sikishangai hata kidogo.

Mzee wa Chemba

Wanangu, nimewasoma. Msisahau sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walikufa huku Chemba na Kondoa, na kule Kiteto, kwa kula mahindi ya kwao wenyewe, mengine hayakuwahi kuguswa na dawa yoyote ya dukani. Zao kuwa hai hakulizuii kuwa na sumukuvu. Mkipeleka karanga na mahindi shuleni bila kupima mtaua watoto na mtaua jina la kilimo hai mkoa mzima.

Kausheni juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zilizooza na zilizotobolewa zitolewe kwa mkono kabla ya kuhifadhi. Mifuko isiyopitisha hewa ipo. Na kuna Aflasafe, ambayo ni kuvu wasio na sumu wanaotupwa shambani zao likiwa bado linakua, wanawanyima nafasi wale wenye sumu. Hiyo ni njia ya viumbe hai, si kemikali, na ilishasajiliwa nchini.

Mwana Hombolo

Shikamoo mzee. Umesema jambo kubwa. Kwa mtazamo wangu kipimo cha sumukuvu kinapaswa kutangulia alama yoyote, na kikundi kitakachoanza kiwe na kipimo kabla hakijawa na nembo.

Nyuki wa Itigi

Sisi wa asali je? Mapori ya Manyoni na Itigi hayana dawa.

Mwana Hombolo

Mkuu, asali yenu iko karibu kuliko zao lolote la kanda ya kati. Kanuni za Ulaya zinataka eneo la kilomita 3 kuzunguka mizinga liwe na maua ya porini au ya mashamba hai. Angalieni mashamba ya tumbaku na pamba tu.

Na kwa kuwa umegusa Ulaya, nieleze mabadiliko ambayo wengi hayajawafikia. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, ya 2018/848, inataka kikundi cha wakulima wadogo chenye cheti cha pamoja kiwe chombo cha kisheria kinachojitegemea, kisizidi wanachama 2,000, na kila mmoja awe na shamba lisilozidi hekta 5 au mauzo ya mwaka ya bidhaa hai yasiyozidi euro 25,000. Ni usumbufu na gharama, kuna vikundi vitavunjika. Ila inagusa lile tatizo la Uganda nililolieleza, kwa sababu mkulima sasa anapaswa kuwa mwanachama wa chombo, si jina kwenye daftari la kampuni. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, iliyosimama vizuri kwa kuuzia shule itakuwa na hesabu, stoo, daftari la ukaguzi na viongozi wanaojulikana. Hiyo ndiyo itakayokwenda Ulaya bila kuburuzwa.

Dada Mzabuni

Hapo umenishawishi kaka. Basi tufikirie kwa kalenda. Mtama na mbaazi vinavunwa kuanzia Mei, mbaazi inachelewa kidogo. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Kikundi kikiwa kimejisajili kwenye NeST mapema mwaka, mzigo umekauka Juni, kipimo cha mzee wa Chemba kimefanyika, Julai wanaweza kuingia mkataba wa shule moja. Moja tu. Mtama, mbaazi, karanga na mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapa hapa. Suala la malipo kuchelewa, AMCOS izungumze na benki kabla, mkataba wa shule uwe dhamana. Mimi nipo tayari kuwasaidia kina mama wa Ibihwa kwenye usajili, niandikieni kwa ujumbe wa ndani.

Afisa Shamba

Mimi nachukua upande wa shamba: ramani, rekodi za kila shamba na mafunzo ya kukaguana wao kwa wao. Walimu wa sayansi wa shule hiyo wawemo kwenye kamati ya ukaguzi, na mzazi mmoja. Mlaji akitembea shambani mwenyewe hadanganyiki kirahisi.

Mkulima wa Mvumi

Mmepanga vizuri wakuu, ila zabibu mmeziacha nje. Shule haitanunua zabibu.

Mwana Hombolo

Fresh haitanunua, kweli. Kwa zabibu naona njia ni kukausha. Kaushio la jua la kikundi, lenye nailoni juu na wavu wa kuzuia nzi, Dodoma yenye jua hili halihitaji umeme. Zabibu kavu hazimngoji mwenye gari, na maduka ya hapa mjini yanauza zilizotoka nje ya nchi. Anza na zile zinazobaki gari linapochelewa. Ukipata wenzako wachache wa Mvumi wasiotia dawa ya mchwa, niambie, tuje na Afisa Shamba tuone mashamba kabla ya upogoaji.